Kitabu changu kilirudi, nikakitoa kopi, kikaondoka tena

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya ambayo mpaka saa nne asubuhi mikono haijakubali kazi. Nilikuwa nimewasha mashine mapema ipate moto na mimi nipate moto, maana ukikaa karibu na mashine ya kopi Julai ni sawa na umekaa karibu na jiko. Akaingia binti amejifunga kitenge juu ya sweta, akaniamkia, akatoa kwenye mkoba kitu kimefungwa na gazeti.

"Dada naomba unitolee kopi kitabu chote."

"Chote chote?"

"Chote. Na yale maandishi ya pembeni yatokee vizuri."

Nikafungua gazeti. Jalada hamna. Karatasi ya mwanzo hamna. Kimevimba kama kitu kilicholala nje kwenye mvua ya Tukuyu. Ila pale ubavuni, kurasa zinapofungukia, kuna alama ya dole gumba la zambarau, wino wa mhuri, na lile dole nalijua maana ni la kwangu.

Kitabu changu!

## Kilivyoondoka

Nilikinunua Dar, kwa wale wanaopanga vitabu chini barabarani, elfu saba. Nikaanza kukisoma ndani ya basi tukiwa hatujafika hata Chalinze, na tulipokuwa tunapanda Kitonga nilikuwa nacheka peke yangu mpaka mzee wa siti ya jirani akaniuliza, binti, uko salama? Ni hadithi ya wanawake wanne wamepanga nyumba moja, ua mmoja, choo kimoja, na hakuna mwenye mume. Jina lake silitaji, sababu mtaiona mbele.

Hamna kikubwa kinachotokea humo ndani. Luku inakata usiku na kila mmoja anadai zamu si yake. Mmoja anatongozwa na fundi bomba kwa meseji iliyokosea namba. Mwingine anafuga kuku chumbani halafu anawaambia wenzake ile sauti ni redio.

Kwa sisi tuliosoma fasihi shuleni hicho ndo kilikuwa kigeni. Mwanamke asiye na mume kwenye vitabu vyetu alikuwa na kazi mbili, aolewe mwishoni au aharibikiwe. Mama yangu alisoma Rosa Mistika ya Kezilahabi, ile ya 1971, enzi imepigwa marufuku mashuleni, anasema walikuwa wanaificha ndani ya daftari la Siasa na wanapeana zamu kwa dakika. Wakalia wee. Sasa mimi nimekutana na wanawake wanne ambao shida yao kubwa ni kuku.

Na kuna ile sehemu ya kikao cha harusi. Mzee mmoja wa kamati anamgeukia mmoja wao mbele ya watu wote, anamuuliza, "Na wewe binti, umeolewa?" Dada wa watu anajibu, "Hapana, asante." Yani kama kakaribishwa chai.

Hapo ndo nilipocheka Kitonga. Nilikuwa na penseli, nikaandika pembeni: hahahaha.

Nilipofika Mbeya nikamwazima dada wa saluni, mlango wa pili kutoka kwangu hapa Mwanjelwa, akaniambia siku mbili tu.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita.

## Elfu kumi na mia tano

Kurasa 212, toa zile mbili zilizochanika zinabaki 210, ukikilaza wazi kurasa mbili zinaingia kwenye A4 moja, ni karatasi 105, kwa mia moja ni elfu kumi na mia tano. Nikamtajia. Akaguna. "Dada, si nifanyie elfu nane."

Nataka muone hiyo hesabu vizuri. Kopi iliyofifia, haina jalada, inazidi bei ya kitabu chenyewe. Na binti hakuuliza kwa nini asinunue kipya, maana anajua atakipata wapi? Hapa Mbeya ukitafuta kitabu cha shule utakipata, ukitafuta Biblia utachagua na rangi ya jalada, ila hadithi ya kuchekesha ya Kiswahili iliyochapwa miaka ya nyuma, hiyo mpaka uwe na bahati. Ndo maana watu sa hivi wanasoma kwenye magrupu ya WhatsApp, anakurushia sehemu tano za bure halafu ya sita anakwambia lipia buku utumiwe yote. Siwalaumu, nimeshalipia sana.

Nikamuuliza kakitoa wapi. Kwa mama mdogo wake Makambako. Na mama mdogo? Alipewa na mtu kwenye basi. Amempa wiki moja tu, Ijumaa anatakiwa akikabidhi kwa konda kirudi, kuna foleni.

Nilitaka kumwambia. Mdomo ulishafunguka kabisa, mdogo wangu hiki kitabu ni changu, ona dole hili hapa. Ila nikamuuliza kwanza, kwa nini maandishi ya pembeni, mbona watu huwa wananiomba niyafiche?

"Hadithi yenyewe ya kawaida tu dada. Utamu uko pembeni."

Nikafunga mdomo. Nikaweka karatasi.

## Pembeni

Mnaojua kazi hii mnajua kitabu hakisomwi wakati unakitoa kopi, unafungua, unakandamiza, unabonyeza, unageuza. Mimi siku hiyo nilisoma. Wateja wengine wawili wakaja wakasubiri, mmoja akaondoka kwa hasira, haya.

Ukurasa wa 31, penye ugomvi wa luku, mtu kaandika kwa bluu: sisi tulifunga sabmita, mkagawane kila mtu na yake. Ukurasa wa 57, mmoja anapika ndizi: ndizi haziungwi hivi, aje Tukuyu afundishwe. Kuna ukurasa umegandiwa na nta ya mshumaa na mtu kaizungushia duara kaandika, samahani, umeme.

Ukurasa wa 74 kuna yule dada anayeishi na bwana mwaka wa tatu hawajafunga ndoa. Bluu tena: huyu si singo, kisheria ni mke, miaka miwili inatosha. Chini yake mwandiko mwingine, mdogo, wa kubanana: kamwambie bwana.

(Nilienda kuangalia baadaye. Mwenye bluu hajakosea sana, ni Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, mkikaa pamoja miaka miwili au zaidi na watu wanawajua kama mke na mume, sheria inachukulia mmeoana. Ila ni dhana, bwana akiwa na ushahidi anaweza kuipinga mahakamani. Kwa hiyo na mwenye mwandiko mdogo naye hajakosea.)

Halafu kuna kalamu nyekundu.

Huyu ni mwalimu, hata asiposema. Kasahihisha herufi, kaweka vema, penye aya ndefu kaandika "gawa," na kila mwisho wa sura ametoa maksi. Sura ya kwanza 6/10. Sura ya pili 5/10. Sura ya kuku kampa nane na nadhani ilimuuma.

Nikafika ukurasa wa 112. Kikao cha harusi. Ile "Hapana" imepigwa mstari mwekundu, juu yake imeandikwa BADO kwa herufi kubwa, na pembeni: Mwanamke hajibu hapana. Anajibu bado.

Chini yake, kwa wino mweusi:

Bado nini? Nina 52.

Na katikati ya hayo mawili, penseli yangu. Hahahaha.

## Neno lenyewe

Niliendelea kubonyeza maana binti alikuwa ananiangalia. Ila mwalimu ana haki. Ukiulizwa umekula, unasema bado. Umeoga, bado. Umeolewa, bado. Mimi nina miaka 36 na nimekuwa nikijibu bado tangu nina 22, kwa mashangazi, kwa wazee wa kanisa, kwa dereva bajaji, kwa mteja ambaye amekuja kulaminisha cheti tu. Sijawahi kusema hapana hata siku moja, na sikuwahi kugundua kwamba sijawahi kusema. Bado ni neno la adabu, unampa mtu kitu cha kuondokea. Ukisema hapana inabidi akae akuulize kwa nini, na wewe utaanza kujieleza mbele ya watu, heri bado.

Tena mimi kazi yangu ndo haya maneno. Nachapa fomu kutwa nzima, fomu za ajira, fomu za mkopo, na kote kuna kale kasanduku ka hali ya ndoa: ameolewa, hajaolewa, mtalikiwa, mjane. Hajaolewa ni bado ileile imevaa tai.

Na kadi za harusi je? Singo elfu hamsini, dabo laki moja. Kwa wengi wetu hilo neno singo tunalikuta kwanza kwenye kadi ya mchango, ni kiti kimoja na sahani moja. Mwaka jana nilihesabu nilichochangia, kicheni pati, sendofu, harusi yenyewe, bado sare, bado zawadi, nikaacha kuhesabu katikati maana nilikuwa dukani na sikutaka mtu anione. Wanne wa kwenye kitabu wana daftari kabisa la michango, wameandika na majina, wanasema siku tukiolewa hawa wote watalipa. Nililiona ni kichekesho. Mwenye bluu pale kaandika: mimi ninalo.

Basi siku hiyo mwenye wino mweusi nikampenda sana. Na mwalimu nikamchukia. Nikamtengenezea sura kabisa, mama mnene mwenye miwani, ndo wale wanaokuulizaga mbele ya watu halafu wanakwambia Mungu atakujibu.

Nikafanya kitu ambacho sijui nikielezeje. Nilikuwa nabonyeza mara mbili. Kila ukurasa kopi mbili, moja ya binti, moja ya kwangu. Kitabu changu mwenyewe, nakiiba kwa karatasi zangu na tona yangu.

Nikambania spairo bure. Elfu nane. Akaniuliza mbona wema hivyo, nikamwambia wewe ndo umenifungulia.

## Kopi haina rangi

Usiku nikakaa nayo kitandani. Mashine yangu ni nyeusi na nyeupe, ya rangi nitainunua nikiolewa (utani, mashangazi, utani). Kwa hiyo nyekundu imetoka nyeusi, bluu imetoka nyeusi, nyeusi imetoka nyeusi. Penseli haijatoka. Ukilaza karatasi kwenye mwanga unaona kama vumbi hivi, ila hahahaha yangu imepotea kabisa kwenye kopi zote mbili.

Nikafika 112. BADO. Mwanamke hajibu hapana, anajibu bado. Bado nini, nina 52.

Nikairudia. Nikarudi mwisho wa sura ya pili, penye 5/10. Ile tano ina kofia inayoruka mbali kulia, haigusi tumbo, kama imepeperushwa na upepo. Nikarudi 112. Tano ya hamsini na mbili, kofia ileile, inarukia upande uleule.

Nikawasha taa kubwa.

Mimi si mtaalamu wa miandiko na naomba mnielewe hapo. Inawezekana walifundishwa na mwalimu mmoja darasa la kwanza, zamani watu walichapwa viboko mpaka wakafanana miandiko. Lakini nikaangalia "n," nikaangalia ile "d" inayopinda mkia, nikaangalia anavyobonyeza nukta kama anatoboa. Dukani rangi ilikuwa imenidanganya, nikaona nyekundu na nyeusi nikasema hawa ni wawili. Kumbe mwalimu ana kalamu mbili, kila mwalimu ana kalamu mbili, ya kusahihishia na ya kuandikia mambo yake.

Ni mtu mmoja.

Hiki ndo kilichonikalia wiki zote hizi. Sijui aliandika yote siku moja au alikirudia kitabu baada ya miezi. Ningejua ingenisaidia. Kama ni siku moja, basi alisahihisha, akanyanyua kichwa, akabadilisha kalamu. Kama ni miezi, kuna kitu kilipita katikati, labda kikao, labda harusi ya mwanafunzi wake, labda ni mtu tu kamuuliza sokoni. Nimejaribu kuiandika hii makala mara tatu na kila mara namtungia sababu, halafu nafuta, kwa sababu mara ya kwanza pia nilimtungia miwani na unene na nikamtukana moyoni siku nzima.

Halafu kuna penseli. Mimi ndo niliyekuwa wa kwanza kuandika pale. Aliposoma "Hapana, asante" alikuta na mtu anacheka pembeni. Kwa hiyo ile nyekundu inawezekana hakuwa anamsahihisha mwandishi. Alikuwa ananisahihisha mimi. Wewe unayecheka, haijibiwi hivyo, tunajibu bado, nani amekwambia kuna jibu lingine. Na ile nyeusi nayo alimwambia nani?

Binti ana kopi yenye swali na jibu lake. Kicheko kilichoanzisha hana.

## Mwandishi

Kuna mtu hajapata hata senti kwenye hii hadithi nzima na ndiye aliyeiandika. Nilitoa kopi kitabu kizima mara mbili, nikapokea elfu nane, na sheria ya hakimiliki ya 1999 haikutungwa ili watu wa steshenari tufanye hivyo, sasa mnaelewa kwa nini silitaji jina. Nyuma kabisa kulikuwa na namba ya simu ya wachapaji. Nimeipiga, haipatikani. Nikamtafuta mwandishi mwenyewe Facebook, wapo wenye jina kama lake wengi tu, mmoja anauza vifaranga. Nikamwandikia wa vifaranga kwa sababu ya ile sura ya kuku, nikaona huyu atakuwa ndiye. Akanijibu bei ya vifaranga.

Elfu nane nimeiweka kwenye bahasha dukani. Mara mbili nimeikopa kwa ajili ya chenji, nikarudisha.

Swali ambalo sina jibu lake ni kama angefurahi. Kitabu kimoja cha elfu saba, kimesomwa na watu sijui wangapi kutoka Mwanjelwa mpaka Tukuyu mpaka Makambako, kimerudi kimeandikwa ndizi na sabmita na sheria, halafu msomaji anasema hadithi ya kawaida tu, utamu uko pembeni. Ningekuwa mimi ningenuna.

## Mafinga

Juzi binti karudi, ana barua ya maombi ya kazi za likizo anataka ichapwe. Nikamchapia, nikajifanya nauliza kama kitu kimenijia tu.

"Kile kitabu kilifika kwa mama mdogo?"

"Kilifika dada, ila ameshampa mtu. Kimepanda gari la Mafinga."

"Mama mdogo wako ni mwalimu?"

"Mama mdogo? Anauza mbao."

"Ana miaka mingapi?"

Akaniangalia. Nikasema basi, nilikuwa nauliza tu. Nikaanza kutafuta chenji, na yeye hakuondoka, akaegemea kaunta.

"Dada, ile kopi nyingine unayo?"

"Ipi?"

"Siku ile nilikuona unatoa mbili."

Nilihisi masikio yanawaka, Julai hii hii. Nikaona bora niseme ukweli, nikamweleza yote, basi la Dar, dole gumba, wino wa mhuri, dada wa saluni na siku zake mbili. Nikamwambia mdogo wangu, kile kitabu ni changu.

Akacheka mpaka akashika kaunta.

"Kila mtu anasema hivyo. Mama mdogo naye anasema ni chake. Yule wa Mafinga alikuja kukichukua kwa sababu anasema kiliibiwa kwake."

"Yule wa Mafinga ni nani?"

"Simjui. Ni mama mmoja mtu mzima." Akafungua pochi. "Sasa dada, kuna rafiki zangu wawili hosteli wanataka. Utatufanyia elfu nane ileile?"